Josepha Haule na Jiwe la Urani

Mwaka 1980 Josepha Haule alikuwa ametimiza miaka kumi na moja ya kazi katika kiwanda kidogo cha uchapaji nyuma ya soko la Kariakoo. Kazi yake ilikuwa kupanga herufi. Anatazama mswada, anachomoa herufi za madini ya risasi moja moja kutoka kwenye kasha, anazipanga kinyumenyume mstari hadi mstari. Ncha za vidole vyake zilikuwa nyeusi hata siku za Jumapili. Mwenyewe alisema hasomi anachokipanga, kwa sababu akianza kusoma mkono unachelewa.

Mwezi wa tano aliletewa mswada wa kijitabu cha elimu ya watu wazima. Kilieleza nchi ifanye nini ikiwa mafuta yatazidi kupanda bei: umeme wa maji, jua, upepo, gesi ya samadi, na mwishoni nguvu ya nyuklia. Mwandishi alikuwa mhadhiri wa fizikia Chuo Kikuu, kule Mlimani, jina lake Awadhi. Safari hii Josepha alisoma, maana wiki ile alikuwa ameshinda siku mbili kwenye foleni ya mafuta ya taa na kurudi na chupa tupu.

Ukurasa wa kumi na nne ulisema urani hupatikana katika mawe ambayo mara nyingi yana rangi ya manjano, na kwamba dalili zake zimeonekana kusini mwa nchi. Ukasema nishati yake ni safi, haina moshi. Mistari miwili chini yake ukasema mawe hayo hutoa mionzi isiyoonekana, na vumbi lake likiingia mwilini hudhuru.

Josepha akabaki na herufi mkononi.

Mdogo wake, Wilbert, alikuwa kibarua wa wageni waliokuwa wakipima miamba porini, mbali ng'ambo ya Songea. Pasaka iliyopita alikuja likizo na zawadi ya jiwe lenye michirizi ya manjano. "Wazungu wanalipenda hili kuliko dhahabu," alisema, akaliweka dirishani. Candida, binti wa Josepha wa miaka minne, aligundua kwamba ukiligonga linatoa unga. Tangu hapo kila siku alikuwa akipika pilau yake ya mchanga uani, na unga ule ndio ulikuwa bizari.

Josepha aliomba ruhusa, akatembea haraka hadi nyumbani, Mtaa wa Narung'ombe. Mwenye nyumba wao, Bi Kijakazi, mama wa Kizaramo aliyekuwa akimlea Candida mchana wakati mama yake yuko kazini, alikuwa anachambua mchele uani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbona saa hizi, Mama Candida? Kazi imekwisha?"

"Mama, huyu mtoto huwa analilamba lile jiwe?"

Bi Kijakazi akamtazama. "Mtoto gani halambi kitu?"

Josepha alimwogesha Candida mara tatu mpaka mtoto akalia. Akapangusa sakafu ya chumba na ya ua kwa kitambaa kibichi. Jiwe akalitia kwenye kopo la maziwa ya unga, kisha hakujua pa kuliweka. Chumbani hakutaka. Uani waliishi wapangaji wa vyumba sita. Bi Kijakazi alishauri likatupwe bondeni Jangwani, lakini Josepha alikumbuka kwamba huko ndiko wanakolima mchicha anaoununua. Mwishowe akalipandisha juu ya paa la choo, na siku tatu zilizofuata hakuna aliyeingia chooni bila yeye kumhesabia dakika.

Jumamosi akapanda basi kwenda Mlimani na kopo lake ndani ya kikapu. Alipata kiti. Mama mjamzito akaja kusimama karibu yake, Josepha akainuka akamwachia, akasogea na kikapu mpaka nyuma kabisa. Yule mama alimshukuru.

Awadhi alikuwa kijana kuliko alivyomdhania, mwenye shati la mikono mifupi na sauti ya chini. Alipoelezwa alitoa kifaa cha kupimia mionzi, akakisogeza juu ya kopo. Kikaanza kutatarika kama bisi kwenye sufuria.

"Urani imo," alisema, "lakini ni kidogo. Hili ukilishika mchana kutwa halitakudhuru. Ubaya uko kwenye vumbi. Mtoto amekula kiasi gani?"

"Sijui, Mwalimu."

"Basi na mimi siwezi kukudanganya. Nafikiri ni kidogo sana. Mpeleke hospitali, waambie ukweli." Kisha akaitazama mikono yake. "Unafanya kazi gani, dada?"

"Mimi ndiye ninayepanga kitabu chako."

"Kwa herufi za risasi? Na chakula cha mchana unakula wapi?"

"Pale pale kwenye kasha. Mihogo, mara nyingi."

Awadhi akaweka kifaa chake chini. "Risasi unayomeza na hiyo mihogo inanitia hofu kuliko jiwe hili. Nawe kila jioni unamshika mtoto kwa mikono hiyo."

Josepha akaketi. Alikuwa amekuja na hofu moja, sasa zilikuwa mbili. Hata hivyo alikuwa na swali lake, akaliuliza.

"Umeandika urani ni safi. Mdogo wangu analala juu ya magunia ya mawe hayo. Safi kwa nani?"

"Niliandika nilivyosoma," alisema Awadhi. "Nilifikiria moshi. Nilifikiria wale wanaoungua kwa majiko ya mafuta ya taa. Jua halina vumbi, lakini vioo vyake vinanunuliwa kwa fedha za kigeni ambazo hatuna. Umeme wa maji unangoja mvua. Kila mahali nimeweka faida huku na hasara huku. Ila mtu anayebeba jiwe, kweli, sikumweka upande wowote." Akasogeza karatasi. "Niambie anavyofanya kazi. Nitaongeza aya. Na hilo kopo liache hapa."

Josepha alisema atamwuliza kwanza Wilbert. Jibu la barua lilichukua wiki nne. Wilbert aliandika kwamba hawapewi kitambaa cha pua wala mahali pa kunawa, na kwamba jioni mate yake yana rangi ya manjano. Chini akaongeza: "Dada, jina langu usilitaje. Hapa hakuna mshahara mwingine."

Josepha alimjibu kwamba aiache kazi hiyo, kisha aya ile akaipanga kwa mkono wake. Ilisema tu "kibarua mmoja". Kijitabu kilipotoka aliogopa wiki nyingi kwamba mtu atakisoma kule kambini na kumtambua.

Hospitali walisema damu ya Candida ni nzuri. Vipimo vya kile anachokiogopa mama hawana. Kiwandani Josepha alianza kunawa kwa sabuni na kula nje, barazani. Wenzake walimcheka, kisha mmoja baada ya mwingine wakamfuata huko.

Miaka miwili baadaye kambi ilifungwa. Wageni walisema bei ya urani imeshuka duniani. Wilbert akaja Dar na begi moja, akapata kazi ya kupakua magunia sokoni, akalala kwa dada yake.

"Ulitaka niache," alisema jioni moja. "Haya, nimeachishwa. Umefurahi?"

Josepha alimpakulia ugali. "Unakohoa?"

"Nakohoa kama kuli yeyote wa magunia ya unga."

Hakumwuliza tena. Lakini jioni, Wilbert akikohoa uani, Josepha huacha anachokifanya na kusikiliza kama kitafuata kikohozi cha pili.