"Tulinunua mlango kabla ya kuijua ardhi"

Saa tatu asubuhi, mshona mapazia amesimama juu ya stuli katika sebule ambayo bado inanuka rangi. Utepe wa kupimia umening'inia shingoni, penseli iko sikioni, na midomo imebana pini tatu. Anapima dirisha upande wa kushoto, anaandika. Anapima upande wa kulia, anasita, anapima tena.

Nyumba ni ya mwalimu na mkewe, waliohamia wiki mbili zilizopita. Mke ameishika stuli na kuongea bila kituo: anataka pazia zito, rangi ya maziwa, lenye marinda ya kutosha, lishuke mpaka lifagie sakafu.

"Mdogo wangu," anasema mshonaji, akitoa pini mdomoni, "dirisha lako limeshuka kidole kizima upande huu. Na ule mstari pale kwenye kona, umeuona?"

Mke anacheka. "Ah, dada, hiyo ni plasta inakauka. Fundi alituambia."

"Na wangu aliniambia hivyo hivyo."

Mwalimu, aliyekuwa akipanga vitabu kwenye rafu, anageuka. "Mama, sisi tumekuita kwa mapazia," anasema, kwa upole wa mtu anayejizuia. "Mambo ya ukuta tuachie wenyewe."

Mshonaji anashuka, anakunja utepe wake, anaaga. Siku mbili baadaye ujumbe unaingia kwenye simu yake: wamepata mshonaji mwingine.

"Huyo ni mteja wa nne kunitoroka mwaka huu," anasema. "Mwambie mtu nyumba yake ina ufa, ni kama umemtukania mama."

Ana miaka arobaini na saba, na ishirini na miwili kati ya hiyo ameitumia kwenye cherehani. Wateja humwita Mama Mapazia. Kwa hesabu yake mwenyewe amekwishaingia katika nyumba mpya zaidi ya mia sita. "Siku ya furaha ya watu naiona mimi kuliko mpiga picha wa harusi," anatania. Kisha uso unarudi ulipokuwa.

Nyumba yake mwenyewe iko mwendo wa nusu saa kwa miguu kutoka chumba anachopanga sasa. Haikaliwi na mtu. Jikoni, sakafu imelala upande. Anatoa chungwa kwenye mkoba, analiweka chini, nalo linajiendea taratibu hadi kizingitini. Ukuta wa sebule una ufa ambao kiganja chake kinapita bila kugusa kingo. Nyuma, kilipokuwa chumba cha mama yake, kuna mbingu.

Miaka tisa iliyopita yeye, mumewe ambaye ni dereva wa lori, na binti zao wawili walikuwa wakiishi katika vyumba viwili vya kupanga, kwa mama mwenye nyumba aliyehesabu ndoo za maji.

"Siku moja alimfukuza binti yangu wa kwanza barazani. Akamwambia, 'Nenda kachezee kwenu.' Mtoto akaja kuniuliza, 'Mama, kwetu ni wapi?' Nilikuwa na mkasi mkononi. Nikashindwa hata kukata kitambaa."

Tangu hapo, anasema, haraka ilimwingia kama homa.

Fedha zilitoka kwa mama yake mzazi, mjane aliyelima shamba moja kwa miaka arobaini. Alisitasita, akaliuza, akaja na fedha zimefungwa ndani ya kitambaa cha kichwani. "Shamba haliniamkii asubuhi," alimwambia bintiye. "Wewe utaniamkia."

Dalali aliwaonyesha kiwanja wakati wa kiangazi. Kilikuwa tambarare, udongo mwekundu, hakuna kisiki wala jiwe, na bei yake ilikuwa pungufu kwa theluthi moja kuliko viwanja vya karibu.

"Tukasema Mungu katuona. Hatukujiuliza kwa nini majirani wenyewe hawakukinunua."

Mtu mmoja alijiuliza. Alikuwa mwashi wa kwanza waliyemwita. Alikanyaga kiwanja mara mbili, akachomeka sururu, ikazama hadi mpini. Akawaambia udongo ule ni laini mno, ni kama majivu. Akataka wachimbe mashimo matatu ya kina cha kumzidi mtu urefu, wajue chini kuna nini, kabla ya kuweka jiwe hata moja.

Gharama ya mashimo hayo ilikuwa sawa na ya mlango mmoja wa mbao ngumu, wenye nakshi na kitasa cha shaba, ambao mumewe alikuwa ameuona kwa seremala na kuupenda.

"Mume wangu akasema, 'Shimo nani atalionyesha wageni?' Tukacheka wote. Nisimsingizie. Nilicheka na mimi, tena sana. Mwashi akafunga vifaa vyake akaenda. Tukatafuta mwingine asiye na maneno mengi. Ndiyo hivyo. Tulinunua mlango kabla ya kuijua ardhi."

Mvua za kwanza zilipita salama. Mvua za pili, asubuhi moja, aliona kitu chembamba kwenye ukuta wa sebule.

"Kwa kazi yangu, nyuzi hunata kila mahali. Nikadhani ni uzi. Nikanyoosha mkono niutoe."

Fundi akaja, akasema ni plasta inakauka, akaupaka saruji. Ukafunguka tena. Akaupaka tena. Mara ya tatu mshonaji hakumwita mtu. Alishona pazia la rangi ya zabibu akalitundika mahali pasipo na dirisha. Wageni walilisifia.

Kisha mlango ule wa nakshi ukaanza kugoma kufunga. Mumewe aliuranda mara tatu, kila mara akilaumu mbao, hadi maua yakaanza kufutika.

Mwaka wa tatu, baada ya siku tatu za mvua mfululizo, alasiri moja mama yake alikuwa amejilaza chumba cha nyuma. Mshonaji alikuwa sebuleni akipinda pindo.

"Nikasikia mlio kama gunia la maharage linamwagwa. Nikaita, 'Mama!' Kimya. Mlango wa chumba chake ulikuwa umebanwa na fremu, haufunguki. Nikatoka nje mbio, nikazunguka. Ukuta haupo. Mama yuko kitandani, matofali yamemlalia mguuni, ananitazama. Ananiambia, 'Usilie, mwanangu, bado niko.' Yeye ndiye anayenibembeleza mimi!"

Majirani walimtoa. Mguu wa kushoto ulikuwa umevunjika mara mbili. Miongoni mwa waliombeba alikuwamo muuza mkaa, ambaye genge lake liko ng'ambo ya njia. Walipomlaza kwenye gari, akatikisa kichwa akasema: "Hapo palikuwa shimo. Walichimba udongo wa matofali miaka mingi, halafu wakafukia kwa taka."

"Mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza."

Maneno hayo anayarudia polepole, kama mtu anayeonja dawa chungu. "Miaka mitatu nilinunua mkaa kwake. Tuliongea habari za watoto, za jua, za bei ya sukari. Hukuniuliza! Watu wa ibada wananiambia nisamehe. Nawaambia, bado."

Muuza mkaa yupo palepale, mikono myeusi hadi viwikoni. Anapoulizwa, anainamisha macho. "Kabla yao tulimwambia mwingine aliyekuja kupima. Akatutukana, akasema tuna wivu. Nikajiambia, sisemi tena." Anapanga makopo yake ya mkaa. "Lakini siku ile nilipomwona bibi, sikula."

Dalali alibadili namba ya simu. Karatasi ya mauziano ipo. Mshonaji anaihifadhi ndani ya kopo la vifungo. Imeandikwa kwamba kiwanja kimeuzwa "kama kilivyo". Walipoipeleka ofisi ya ardhi, karani aliweka kidole juu ya maneno hayo mawili, akawarudishia.

Mumewe hajamwacha, wala hajakaa. Safari zake zilirefuka, na sasa huja mara moja katika miezi mitatu. Safari moja alikuja na bisibisi, akaenda kuubandua ule mlango wa nakshi, akauleta begani hadi kwenye chumba cha kupanga. Hauingii kwenye fremu yoyote. Umeegemezwa ukutani nje, na mwenye nyumba ameshalalamika mara mbili.

"Hatujaachana," anasema mshonaji. "Tumeachana na maneno tu. Akisema, nitasema. Nikisema, atakumbuka kile kicheko. Basi tunaulizana habari za watoto."

Mguu wake unakanyaga cherehani, sindano inakimbia. Ukimuuliza angemshauri nini anayeanza kujenga leo, hainui kichwa.

"Nenda kwenye kiwanja mvua ikinyesha, siyo jua likiwaka. Jua linadanganya. Piga hodi kwa majirani, hata kama wananuna. Anayenuna ndiye anayejua. Na fundi anayekukatalia, huyo mbembeleze. Anayesema ndiyo kwa kila kitu anajenga nyumba yake, siyo yako." Anakata uzi kwa meno. "Lakini nani anasikiliza? Mimi mwenyewe nisingesikiliza."

Hata hivyo, ananunua matumaini kwa kipimo. Katika kila mapazia matatu, fedha za pazia moja haziliwi. Mwaka jana alipata kiwanja kidogo cha mteremkoni, hatua kumi na nane kwa kumi na mbili. Kabla ya kulipa alibisha hodi milango kumi na moja. Kisha yeye, binti yake mkubwa na mchimbaji mmoja wakashuka na jembe. Kwenye kina cha kifua, jembe likagonga mwamba.

Alikaa ukingoni mwa shimo akalia hadi mchimbaji akaweka jembe chini na kumuuliza kama kuna msiba.

Bado hajajenga. Ameapa kutazama misimu miwili mizima ya mvua kwanza. Ikinyesha anafunga cherehani, anachukua mwavuli, anakwenda kusimama pale kiwanjani kuona maji yanapita wapi. Wapita njia wanadhani amerukwa na akili.

Msimu wa kwanza umekwisha, na maji hayakutuama. Mama yake, ambaye sasa ana miaka sabini na tisa na hutembea kwa gongo, humsubiri kitandani katika chumba kimoja wanachogawana wote wanne.

"Umengoja mvua ngapi?" alimuuliza wiki iliyopita.

"Moja, mama. Imebaki moja."

"Na mimi ninayo hiyo moja?"

Mshonaji anajua kwamba msingi wa kwanza utakuwa wa chumba cha mama, kabla ya sebule, kabla ya jiko, na dirisha lake litaangalia upande jua linakochomoza.

"Nikimjengea haraka, nitamuua. Nikichelewa, nitamkosa," anasema. "Nimechagua kuchelewa. Kila siku namwomba Mungu ampe mvua moja tu zaidi."