Samadi ya Bibi na Maua ya Askofu

Harufu ya samadi mbichi ikinipiga puani, hata nikiwa Mbulu mjini nimevaa nguo zangu za kwenda benki, mimi huwa nacheka peke yangu barabarani. Watu hunitazama. Acha watazame. Juzi niliipata pembeni ya ofisi moja. Mzee mzima mwenye tai alikuwa anamwaga toroli zima juu ya vimaua vidogo vilivyozungushiwa mawe ya chokaa, kisha anarudi nyuma hatua kadhaa kuitazama kazi yake. Nikasema moyoni, ongeza baba, ongeza, utavuna mboga za chainizi. Na hapohapo nikakumbuka nyumbani Tumati, mwaka ule wa Askofu.

Nilikuwa darasa la tatu. Kigangoni kwetu lilitoka tangazo kwamba Askofu atakuja kubariki kanisa, na Mama Anjela, mke wa katibu wa kigango, akajipa uenyekiti wa kamati ya maua. Nasema akajipa kwa sababu sijawahi kukutana na mtu aliyemchagua. Alikuwa na filimbi shingoni, eti ya kuwaita wanakamati, na alitembea ametanguliza kidevu utadhani anafuata harufu ya pilau. Alikuwa ameolewa na mtu mwenye ng'ombe wengi, basi. Sifa nyingine sikuiona wakati ule na mpaka leo bado naitafuta.

Akaagiza kwamba kila nyumba ya kando ya barabara iwe na ukingo wa maua mbele ya mlango. Maua yenyewe aliyatoa mjini kwenye ndoo: vishina vifupi visivyozidi kiganja, majani membamba, kijani juu na chini meupe kana kwamba yamelalia unga. Alisema yakishika hayafi, yanarudi mwaka hadi mwaka, na shina moja unaligawa yakawa matano. Hapo alisema kweli. Halafu akapuliza filimbi na kutoa somo. "Ua ni mmea, na mmea ni samadi! Wekeni samadi mpaka udongo usionekane. Kwenye nyumba isiyo na maua Askofu hasimami, na atakayetuaibisha tutamjua."

Aliposema atakayetuaibisha alimtazama mama yangu, na wanawake wote wakageuza shingo kama kuku waliosikia mahindi yakimwagwa.

Mama yangu ni Mbarabaigi, wa upande wa Endasak, chini ya mlima Hanang. Baba alimpendea mnadani, akamleta Tumati kwa Wairaqw wenzake, na tangu siku hiyo wakamwita Mmang'ati, jina la dharau ambalo watu wake wenyewe hawajiiti. Mfugaji atajua nini kuhusu kulima? Ndivyo walivyosema, wao ambao mashamba yao yalijaa magugu ya kutosha kuficha ndama. Hao ningewapuuza. Mwenye kuuma alikuwa Bibi, mama yake baba, tuliyekaa naye nyumba moja. Bibi hakumwita Mama kwa jina, wala hakumwita Mama Neema kama ilivyo desturi mtu akishazaa. Alisema "huyu wa Hanang" hata Mama akiwa amesimama mbele yake na bakuli la uji mkononi. Miaka yote ile Mama alitaka kitu kimoja tu, Bibi amwone kuwa ni mtu wa nyumba ile.

Sasa mjue kwetu samadi ni nini. Ng'ombe wa Bibi walilala ndani pamoja nasi, na kila asubuhi kinyesi kilizolewa, kikapelekwa kwenye lundo nyuma ya nyumba, na lundo lile Bibi alilichunga kuliko alivyotuchunga sisi wajukuu. Lilikuwa mali ya mahindi. Jirani akiomba aliambiwa ng'ombe wameharisha. Mama alipokwenda kumwomba karai moja, moja tu, kwa ajili ya maua ya Askofu, Bibi alimcheka usoni.

"Samadi ya ng'ombe wangu iende kwenye jani ambalo hata mbuzi akilitia mdomoni analitema? Askofu atakula ua?"

"Mama, wataniaibisha."

"Aibu ya maua hiyo! Kwetu aibu ni njaa."

Mama alilia nyuma ya jiko, akausingizia moshi. Kisha akapanda vile vishina vyake chini ya ukuta, pale maji ya bati yanapodondokea, mahali pa changarawe tupu ambapo hata bangi isingeota. Alivipanga kwa urefu wa kanga mbili, akavimwagia maji ya kuoshea vyombo, akaomba rozari.

Wiki zikapita. Loo, mngeyaona maua ya kamati! Yalinenepa. Majani yakawa mapana, ya kijani kibichi, yamelaliana ovyo, na ua hata moja hamna. Kwa Mama Anjela mwenyewe, aliyemwaga samadi mpaka nzi wakahamia, ilikuwa bustani ya mboga kabisa, ungeweza kuchuma ukakaanga na kitunguu. Akatangaza kwamba maua yanajipanga. Yanajipanga! Kama askari wa gwaride. Na wale wanawake wakaitikia, ndiyo, yanajipanga, na kesho yake wakaongeza samadi.

Vishina vya Mama vilibaki vidogo na vikavu, vikakaza kama watu waliozoea shida. Halafu vikatoa vitumba, halafu siku moja ya jua kali vikafumbuka, njano na chungwa, na duara jeusi katikati kana kwamba kila ua limepakwa wanja. Jioni yalifumba. Asubuhi ya ukungu yalikataa kufumbua. Nilikuwa nachutama nayatazama mpaka nachelewa shule.

Siku ya Askofu, Mungu naye akaleta ukungu, ule wa kwetu wa kukata pua. Maua ya Mama yote yamefumba, yamejikunyata. Mama Anjela alipita kukagua, akapuliza filimbi bila sababu, akasema, "Kumbe ya kwako yamelala? Kwa wafugaji hata maua yanaamka yakijisikia." Mama alisimama na kanga yake mpya. Mimi nilipiga magoti nikayapulizia pumzi ya moto, eti yapate joto. Mtoto ni mtoto.

Msafara ulipofika kona ya juu, ukungu ukapasuka. Jua likapiga ukutani kwetu. Sisemi ni muujiza, ila gari lilipofika usawa wetu yale maua yalikuwa yamefumbuka yote, na kijiji kizima nyuma yake ni majani matupu. Askofu akashuka. Akainama, akauliza kwa upole nani amepanda.

Mama akafungua mdomo. Kabla neno halijatoka, Mama Anjela akawa ameshapenya katikati, kofia upande. "Ni kamati, Baba Askofu! Huyu tumemfundisha sisi. Unajua hawa ni watu wa kuhamahama, hata jembe alikuwa hajui kulishika."

Bibi alikuwa kwenye kigoda mlangoni. Nilimwona akitema mate pembeni, taratibu, akimtazama Mama Anjela kuanzia viatu mpaka kofia.

Baada ya Jumapili mbili wanakamati wakaja. Wote, na filimbi yao. Wanataka vishina vya Mama, kwa sababu vya kwao vimegoma, na wanataka kujua siri. Aibu walikuwa wameiacha nyumbani.

Mama aliendelea kupepeta maharage. Akasema, "Samadi. Nyingi, na iwe mbichi."

"Si niliwaambia!" Mama Anjela akawageukia wenzake. "Mliweka kidogo!"

Mimi nikaruka. "Lakini Mama, sisi mbona hatu..." Vidole vya Bibi vikanifinya paja mpaka nikaona nyota. Kisha Bibi, yule yule wa ng'ombe wameharisha, akainuka, akajifunga shuka kiunoni na kusema, "Samadi ya Mama Neema ipo nyuma huko. Leteni makarai." Akawachotea mwenyewe kwa koleo. Walibeba kwa makarai, kwa viroba, kwa toroli, wakishukuru na kutoka jasho, mpaka lundo likabaki alama ya unyevu ardhini. Walipopotea kwenye kona, Mama na Bibi wakatazamana, wakacheka mpaka Bibi akakaa chini.

Mimi sikucheka. Niliona Mama amesema uongo na Bibi amepatwa na wazimu wa uzee, na nilikasirika, kwa sababu nilimwona Mama akililia karai moja la ile ile samadi. Ilibidi niolewe, nikae mimi mwenyewe miaka kwenye nyumba ya watu ambao hawajaamua kama mimi ni wao, ndipo nikajua nilichokuwa nimeona. Mama mkwe haombi radhi. Hajui hata pa kuanzia, hivyo anashika koleo.

Msimu ule mahindi yetu yalitoka mafupi, ya njano, magunzi ya kuhesabika punje. Tulikula ugali mdogo mpaka mavuno mengine. Bibi, aliyesema kwamba aibu ni njaa, alikula sehemu yake pamoja nasi kila jioni, na hakulalamika hata siku moja.