Mzani wa Jikoni kwa Fredeking

Kwa miaka thelathini Gerwin Fredeking alipanda nguzo za simu kuzunguka mji wa Göttingen, na huko juu ndiko alikoanza kushuku kwamba nguvu inayomvuta mtu chini na umeme unaomrusha ni kitu kimoja. Alipostaafu akaigeuza shuku hiyo kuwa nadharia. Mkewe, Alwine, aliiita "mke mwenza".

Miaka hiyo maprofesa wa mjini nao walikuwa wakihangaika kuunganisha uvutano na umeme kwa hesabu. Fredeking hakuwa na hesabu. Alikuwa na mzani wa jikoni, betri nne na waya. Aliweka jiwe kwenye sahani ya mzani, akapanga mizunguko ya waya chini yake, akapitisha umeme. Jiwe likaongezeka uzito.

Aliandikia chuo kikuu barua kumi na moja, mpaka wakamtuma msaidizi kijana, Daktari Lüders, akamnyamazishe kwa adabu.

"Sahani shaba, minyororo shaba, jiwe ni jiwe," Fredeking alimwambia. "Hapa hamna chuma, bwana daktari."

Lüders akapima mara tatu. Uzito uliongezeka kweli. Masikio yakamwiva kwa aibu.

"Na kibanio changu je?" Alwine aliuliza, akimenya viazi.

"Kibanio gani?"

"Kulabu ya sahani ilikatika siku za Pasaka, nikatia kibanio cha nywele. Ulitaka nipime unga kwa macho?"

"Tangu Pasaka umenyamaza?"

"Uliniuliza? Umekiandikia chuo kizima, mimi hujaniandikia hata mstari."

Wakakitoa kibanio, nacho kilikuwa cha chuma, wakafunga uzi. Jiwe halikutikisika. Fredeking akaketi, mikono mapajani, kama mtu aliyetoka mazikoni.

"Na nadharia za maprofesa wenu?" aliuliza hatimaye.

"Ziko kama tano," Lüders akakiri. "Kila moja inaikana nyingine."

"Zimepimwa?"

"Nyingi hatujui hata tuzipime vipi."

"Basi yangu imekufa kiume."

"Mungu amrehemu mke mwenza," Alwine akasema. "Sogeeni mezani mle."

Barua ya kumi na mbili ilifuta zote zilizotangulia na kueleza habari za kibanio bila kuficha. Lüders akawa anakuja kula kila Jumamosi.

Kufikia kiangazi Fredeking alikuwa na nadharia nyingine. Safari hii, kabla ya kugusa betri, alimwita Alwine akamuuliza kama kuna jambo lolote analopaswa kulijua.

"Yapo mengi," Alwine akajibu, akivuta kiti. "Nianze na lipi?"