Manjano ya Bata

Kwa miaka thelathini na moja Mwalimu Lenah wa Matisi alichora bata wa manjano. Kila darasa la chekechea alilofundisha alilipaka bata, ndizi na herufi, na bata wake walizidi kunenepa kadiri alivyozidi kuwachoka. Siku aliyostaafu aliapa kwamba picha itakayofuata itakuwa yake mwenyewe, na haitaguswa na manjano.

Aliipata Kiminini, nyuma ya boma la mzee Bethwel, kwenye kipande cha msitu ambacho mzee hakuwahi kukilima. Humo mna mti mkubwa wa podo. Saa moja na nusu asubuhi jua hupenya kwenye matawi yake likateremka hadi shinani, na kwa dakika ishirini gome lote huwaka. Mara ya kwanza kuuona mwanga ule Lenah alilia, mtu mzima na kofia yake ya kanisani.

Shida ya mwanga ni kwamba hautulii. Kwa hiyo kila asubuhi aliweka doa jekundu kwenye gome, pale kivuli kilipoishia, ili kesho ajue pa kuanzia. Karibu wiki tatu, madoa kumi na tisa. Alijiona mjanja kweli.

Picha ikiwa imebakiza anga tu, alifika akamkuta Barasa, mkata miti kutoka Malakisi, akitia petroli msumeno wake chini ya podo. Mzee Bethwel alikuwa amemuuzia miti ya saipras ya mpakani na kumwagiza akate yenye rangi nyekundu. Kisha mzee akaenda matanga Kapsokwony, na simu yake ikazimika.

"Barasa, haya madoa ni yangu," Lenah alisema.

"Mwarimu, mimi sijui ni ya nani. Arama ni arama. Hizo saipras ziko na moja moja. Hii iko na kumi na tisa. Si huyo mzee ameitaka sana?"

Lenah alibembeleza. Alikwangua gome kwa kucha, lakini rangi ya mafuta iligoma kutoka. Barasa aliposhika kamba ya kuwashia, mwalimu alichomoa brashi. Alipaka mti wa jirani, na wa pili, na mingine yote. Akapaka dumu la petroli, choo cha mzee na ndama aliyekuja kushangaa. Mwisho akainama akapaka gambuti ya Barasa, ya kushoto.

"Sasa kata kila chenye nyekundu," alisema akihema. "Anza na mguu."

Barasa aliurudisha mguu wake nyuma.

"Wacha tungoje mzee," akasema, akaketi juu ya dumu.

Bethwel alirudi alasiri, akazunguka boma lake lote.

"Mwalimu, hata choo?"

"Nilikuwa na haraka, mzee."

Podo ulibaki. Lenah alihukumiwa siku nne za kupangusa madoa kwa mafuta ya taa, kuanzia na ndama.

Siku ya tano alirudi kwenye anga yake. Nyekundu aliyoitegemea ilikuwa imekwisha, na kikapuni lilibaki kopo moja tu, la shuleni. Alilifungua kwa chuki, akapaka manjano ya bata, akarudi nyuma kutazama.

Ndio mwanga wenyewe. Machozi yalimtoka tena. Miaka thelathini na moja alikuwa nao darasani, akiumalizia kwenye midomo ya bata.