Daktari Aliuliza Mtoto Amekula Nini, Nikajibu Uji

Kosa ni langu. Nalisema mapema ili usije ukanihurumia katikati ya maelezo ukafikiri kuna mwingine. Hakuna. Jina langu sitalitaja.

Mimi ni mwalimu wa nasari huku Shinyalu. Tulipopata uhuru kila kijiji kilitaka shule yake, nasi tukapata yetu: kanisa la mabati, mabenchi ya Jumapili, na watoto wadogo ambao wengine walikuwa wameacha kunyonya juzi tu. Sikuwa na mafunzo yoyote. Nilikuwa nimefika darasa la nane, na hapo kwetu hiyo ilitosha kuitwa mwalimu.

Lakini kufundisha nilikupenda, jamani! Herufi sikuiacha ubaoni. Nilitaka mtoto aishike. Siku ya M tulianza kwa kidole mchangani, kupanda na kushuka, kupanda na kushuka. Kisha tukaifinyanga kwa udongo wa mtoni, kila mtoto na kipande chake cha jani la mgomba. Mwisho tukapachika punje za mahindi juu ya udongo. M ya mama, M ya mahindi, M ya Mmbone.

Mmbone alikuwa msichana wa miaka minne, mtoto wa jirani yangu. Alipojua kwamba jina lake linaanza na herufi hiyo, aliichukua ikawa mali yake. "M ni yangu!" aliwaambia wenzake. "Nyinyi tafuteni zenu!"

Na alikuwapo Kukhu Muhonja. Kukhu ni nyanya kwa Kiluhya, na watoto wote walimwita hivyo. Alitupikia uji wa wimbi nyuma ya jengo, akawanawisha watoto, akafagia. Kusoma hakujua. Mimi aliniita Mwarimu, akanicheka nikichafuka: "Mwarimu, leo umekuwa mfinyanzi wa nyungu!"

Sasa sikiliza upumbavu wangu.

Mwaka huo mume wangu, anayefanya kazi Kisumu, alileta mfuko wa mbegu za kisasa. Kila punje ilikuwa imepakwa dawa ya wadudu, rangi ya waridi. Wanawake wa jirani walikuja kuzitazama, Kukhu akiwa mmoja wao, na mimi ndiye niliyewasomea maandishi ya kwenye mfuko. Nilisoma kwa sauti ya kanisani! Ni sumu. Haziliwi. Ukizishika, nawa mikono. Wakanipigia makofi.

Wiki haikuisha, siku ya M ikafika. Tulikuwa tumemaliza kupanda, ghala lilikuwa karibu tupu, na mahindi ya kula sikutaka yaende kuchezewa matopeni. Nikauona ule mfuko kwenye kona, na mbegu kidogo zilizobaki. Nikafikiri jinsi M ya waridi itakavyopendeza. Nikafikiri, nitawanawisha vizuri. Nikachota kikombe kimoja.

Haki ya Mungu, zilipendeza.

Nililosahau ni jambo dogo. Mtoto akiwa na mikono yote miwili kwenye udongo, punje zake anaziweka wapi? Mdomoni. Wote hufanya hivyo, na mimi nilikuwa nimewaona wakifanya hivyo na maharagwe, tena mara nyingi. Wenzake waliweka moja moja wakazitema; Mmbone alijaza shavu zima ili M yake isipungukiwe.

Kukhu akaleta uji, watoto wakanywa. Haukupita muda, Mmbone akatapika. Akaanza kutetemeka, macho yakageuka. Nilimbeba mgongoni mbio mpaka kwa mwenye duka aliyekuwa na gari, mama yake nyuma yangu akilia, tukafikishwa hospitali mjini Kakamega.

Daktari akauliza, "Amekula nini?"

Mama yake akanitazama. Mimi ndiye niliyekuwa naye tangu asubuhi. Mimi ndiye niliyejua kusoma.

Nikasema, "Uji."

Neno moja! Na uji alikuwa amekunywa kweli, hivyo ndivyo nilivyojiambia. Siku nzima daktari alihangaika na mtoto bila kujua anatafuta nini. Mimi nilikaa kando ya kitanda, nikimwona anavyohangaika, na mdomo sikuufungua. Sikulia. Kuna kitu kilizimika ndani yangu hapo kando ya kitanda, na hakijawaka mpaka leo.

Mmbone alipona. Wazazi wake waliniletea ingokho, kuku mzima, kunishukuru kwa kukimbia na mtoto wao. Kuku nilimchinja. Nikamla kwa obusuma, ugali wetu, nikamaliza. Sikusikia ladha yoyote.

Lakini lile neno uji lilikuwa limeshafika kijijini. Kwetu mtoto akidhurika baada ya kula, watu hawaulizi habari za chakula. Wanauliza mkono uliokipika. Mwenyekiti wa kamati ya shule akaitisha mkutano mle mle kanisani.

"Mama, sisi hatusemi wewe ni mbaya," alimwambia Kukhu. "Lakini hiyo mkono yako, wacha ipumzike kwanza."

"Mkono yangu imefanya nini?" Kukhu akauliza. "Si nimepikanga hapa tangu shule ianze? Mwarimu yuko hapa. Mwarimu, sema."

Wote wakanigeukia.

"Mimi nilikuwa nafundisha," nikasema. "Mambo ya jikoni sijui."

Kukhu aliniangalia kidogo tu. Akaenda nyuma akachukua mwiko wake, akauweka kwapani, akaondoka.

Miaka minne imepita. Mmbone sasa yuko darasa la pili na anaandika M nzuri kuliko yangu. Mimi herufi naziandika ubaoni kwa chaki, watoto wanarudia kwa kelele, basi. Udongo siugusi. Uji siunywi. Nimekuwa mwalimu wa kuchosha na ninajua.

Na Kukhu? Ndizi zake sokoni hazinunuliwi. Watoto wanakatazwa kuingia kwake. Hata kwenye matanga, ambako wanawake wote hupika pamoja, akishika mwiko unatolewa mkononi mwake taratibu. "Kukhu, wewe pumzika." Anaachiwa kazi ya kuni.

Mwezi uliopita alifariki mzee mmoja jirani yetu. Matangani nilimkuta Kukhu amekaa peke yake penye moto wa nje, karibu na kuni. Nikakaa kando yake. Sijui nini kilinisukuma.

"Kukhu," nikasema, "zile mahindi za rangi..."

Hakunigeukia. "Nilifagianga ile nyumba kila siku, Mwarimu. Siku hiyo nilizikuta chini ya benchi. Zingine zimetafunwa. Nikatupa kwa choo, kuku zisikule."

"Ulijua?"

"Si wewe ulitusomea?"

Mungu wangu! "Sasa mbona hukusema?"

"Nani angesikia mpishi, na Mwarimu ako hapo?" Akavunja kijiti, akakitupa motoni. "Halafu nilikuwa nangojanga wewe useme. Ile mwaka ya kwanza nilingojanga kila Jumapili."

Utafikiri nililia. Sikulia. Utafikiri nilisimama pale pale nikawaambia watu, maana kijiji kizima kilikuwapo. Wanawake waliniita kutoka jikoni: "Mwalimu! Njoo utusaidie kusonga, maji imechemka!" Mmoja akaninyooshea mwiko.

Nikaupokea. Nikasonga ugali wa matanga mpaka ukaiva, na Kukhu akaendelea kutuletea kuni.

Wewe unayefundisha watoto wadogo, chochote unachowapa washike, hesabu kwamba watakiweka mdomoni. Hilo si gumu kujifunza. Lakini ukikosea, sema siku hiyo hiyo, mbele ya daktari, kabla mtu mwingine hajatajwa. Usijiambie utasema kesho. Mimi nilijiambia kesho, nikajiambia mtoto akipona, nikajiambia watu wakitulia, na sasa nawaandikia gazetini watu nisiowajua.

Jina langu bado sijaweka, unaona? La Kukhu Muhonja nimeliandika lilivyo. Yeye hajui kusoma. Kama wewe ni wa huku kwetu, nakuomba umsomee haya, halafu umrudishie mwiko.