Hukumu ya Mtoto wa Zadio

Florentine aliuza uji pale Baraka, mji wetu wa kando ya ziwa, lakini hakuna aliyemfuata kwa ajili ya uji. Ulikuwa mwepesi, na sukari aliitia kwa shingo upande. Tulimfuata kwa ajili ya redio. Mwaka ule wa 1999 ndiyo iliyobaki peke yake kwenye avenue yetu, yaani mtaa wetu, maana wanajeshi walipopita nyumba kwa nyumba wakibeba redio za watu, ya kwake ilikuwa imezikwa ndani ya gunia la unga wa muhogo. Mimi ni jirani yake, ukuta kwa ukuta, kwa hiyo nasema ninachokijua.

Redio ilileta habari za vita, tukazisikiliza kwa adabu. Tulichokuwa tukingojea ni habari za Zadio. Zadio alikuwa mwimbaji mkubwa wa Kinshasa, ameachana na mkewe Ginette, na sasa walikuwa mahakamani wakigombania binti yao wa miaka minne. Hakuna aliyewahi kumwona Zadio, wala kufika Kinshasa, lakini tulijua hata jinsi Ginette anavyounguza wali. Baraka iligawanyika vipande viwili. Wanaume wote walikuwa upande wa Zadio, na Florentine akawa kiongozi wao: mtoto ni wa baba, basi. Mimi nilikuwa upande wa Ginette. Florentine akaniambia mbele za watu kwamba nilichukia wanaume tangu wa kwangu alipovuka ziwa. Ilikuwa kweli, lakini haikumhusu.

Asubuhi ya hukumu watu walifika mapema, Wakatoliki na Waprotestanti, hata Uledi mwenye boti na kofia yake ya msikitini. Florentine alikuwa ameegemeza sikio kwenye redio. Mtangazaji akamaliza habari za vita, akasema juge wa mahakama ameamua kwamba mtoto wa mwimbaji Zadio, na hapo sauti ikanywea, ikafa. Betri zile alikuwa akizianika juani kwa wiki mbili ili zipate nguvu kidogo. Waliokaa nyuma wakauliza kumesemwa nini. Florentine akasimama na upawa wake mkononi.

"Mutoto amepewa baba," akatangaza. "Njo vile juge alisema."

Wanaume walipiga makofi na kuagiza kikombe cha pili. Mimi nilijua anadanganya, ila nani angemsikiliza mtu wa Ginette? Nilikwenda zangu nyumbani nimefura kwa hasira.

Miezi mitatu baadaye akatokea Raphaël. Huyu alikuwa mume wa Constance, binti wa Florentine. Vita vilipoanza alikimbilia Kigoma peke yake, akamwacha mke na mtoto mchanga. Huko akaoa mwingine, na sasa alikuwa amerudi kukaa kijiji jirani cha Lweba, anamtaka mtoto wake. Mtoto mwenyewe ni Espérance, ambaye alilala kitanda kimoja na bibi yake, na Florentine hakuwasha moto wa uji kabla hajamfunika vizuri. Kumtoa Espérance katika nyumba ile ilikuwa kumtoa Florentine roho.

Kikao kilifanyika uani kwa Alphonse, shefu wa avenue, ambaye ndiye aliyeamua kesi zetu. Kwa kuwa mkwe habishani na mama mkwe, Raphaël alinyamaza na mjomba wake Nicolas ndiye aliyesema. Hakusema mengi. Aliuliza tu kama avenue yetu ina akili kuliko juge wa Kinshasa, ambaye hukumu yake Mama Constance mwenyewe alitutangazia. Wanaume wakatikisa vichwa kukubali. Constance alianza kulia kimya.

Florentine akasimama. Nakiri kwamba nilimhurumia.

"Bazee, mi nilibadanganya," akasema. "Betri ilikufa mbele juge aseme kitu. Ile hukumu nilitunga mi mwenyewe, juu nilitaka Zadio ashinde."

Kikao kilicheka. Nicolas alicheka mpaka akajipangusa macho. Sasa mjukuu ni wa kwake, akasema, ndiyo maana juge amebadilika. Mzee mmoja aliapa kwamba aliisikia hukumu ile kwa masikio yake mawili. Mwingine alikumbuka mpaka jina la juge. Nilisimama kumtetea Florentine, wakaniambia nikae chini, mimi ni mtu wa Ginette. Hasira ile ninayo mpaka leo.

Alphonse, ambaye hakucheka, akaamua.

"Hukumu iko mu ile redio ya Mama Constance. Siku redio itaisema, na sisi wote tusikie, mutoto ataenda. Kama haijasema, anabaki na bibi yake."

Nicolas akaahidi betri mpya, na siku ya pili akazileta kutoka kijiji cha Swima. Lakini asubuhi ile, kabla hajafika, nilichungulia juu ya ukuta nikamwona Florentine akiitumbukiza redio ndani ya chungu cha uji wa moto, akiikandamiza na upawa mpaka ikaacha kutoa mapovu. Kisha akaifuta vizuri na kanga yake.

Betri alizipokea kwa mikono miwili, akashukuru. Nicolas akazitia, akazungusha, akaitikisa redio, ikamdondoshea tone zito kwenye kiatu. Alphonse akainama akalinusa. Akasema kesi inangojea redio. Mwezi uliofuata Raphaël alinunua redio mpya kabisa, akaibeba mwenyewe hadi kwa shefu, na shefu akamjibu kwamba hukumu haikuwa ndani ya hiyo.

Wateja walimkimbia Florentine, kwani uji ulikuwa bado mwepesi. Aliuza kanga mbili ili wapate kula. Kesi iliendelea kungojea redio mpaka Espérance akaolewa.