Kidonge Alichokiponda Mama

Mchana huo nilikuwa katika maabara ya chuo, upande wa Kawangware, nikikitazama kidonge nilichokitengeneza kwa ute wa mrenda kikivimba polepole majini. Huo ndio uliokuwa mradi wangu wa mwisho: ute wa mboga yetu uishike dawa, itoke kidogo kidogo siku nzima badala ya kumwagika yote tumboni kwa mpigo.

Dada yangu akapiga simu kutoka mtaa wa Raila, anakokaa na Mama.

"Mum ameanguka. Anatoa jasho baridi, hata hanijui."

Mama ana presha ya kupanda. Nikauliza amekula nini.

"Uji tu, na ile dawa yake mpya. Ilikuwa inamkwama kooni, akaiponda na kijiko, akakoroga kwa uji."

Nilikiacha kidonge changu majini. "Tafuta gari sasa hivi, mpeleke kliniki. Alale, miguu iwe juu."

Nilichukua pikipiki. Karibu na Soko la Toi barabara ilikuwa imefungana, nikashuka na kukimbia katikati ya mitumba, watu wakinitukana.

Nilimkuta mama kitandani pale kliniki, midomo imekuwa ya kijivu. Daktari alikuwa akimuuliza dada amemeza vidonge vingapi.

"Kimoja tu, lakini alikiponda."

Daktari hakuuliza tena. Aliagiza dripu. Nilisimama ukutani nikiitazama mashine ya presha. Kila ilipomaliza kupima, namba ilikuwa chini vilevile. Dada alianza kuomba kwa Kiluhya.

Jioni namba ikaanza kupanda. Mama akafungua macho.

"Mboga zangu za kuuza ziko na nani?"

Kesho yake nilimweleza. "Ndani ya kile kidonge kuna gundi, Mum. Inavimba kama mrenda, inashika dawa. Ukiponda, yote inaingia mara moja."

Alifikiri kidogo. "Na hicho unatengeneza huko shule, ni kidogo kuliko hiki?"

"Ni kikubwa zaidi."

"Basi hata hicho ningeponda."



Daktari alimbadilishia dawa, akampa vidonge vidogo vya asubuhi na jioni. Wiki hiyo nilihamia Raila, nikawa nasimama mbele yake kila anapokunywa dawa.

"Wewe, enda shule," aliniambia. "Nimemeza."

Nilingoja mpaka afungue mdomo nione.